UZI: Tumezunguka zizi kwa zizi kandokando ya ziwa. Si kila ng'ombe anayekufa kauawa na ndigana

#1 Mleta mada, Magu

Wakuu, mwangaluka. Mnivumilie, itakuwa ndefu.

Nafugia Magu, upande wa Ghuba ya Speke. Nina ng'ombe wa kienyeji na chotara wachache wa maziwa. Kiangazi cha mwaka juzi nilipoteza mitamba wawili na ng'ombe mmoja mwenye mimba kubwa. Kila aliyeanza kukonda nilisema ni ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Nikanunua sindano ya ndigana, na wote mnajua bei yake, nikachoma. Hola. Nikasema dawa feki, nikahamia duka lingine. Huko nako muuzaji hakuniuliza dalili hata moja, akanipa dawa ileile yenye jina jingine.

Wa tatu alipokaribia kufa tukamchinja. Mkaguzi wa nyama akaniita: "Mzee, sogea uone ini." Ini lilikuwa gumu, mirija imekakamaa, kisu kikipita kinakwaruza kama kwenye mchanga. Akabinya, wakatoka minyoo bapa, wembamba na warefu kama jani la mpunga lililokatwa vipande. Alikuwa nao wengi mno. Sindano zangu zote za ndigana zilikuwa zinapita pembeni ya ugonjwa.

Nililia, wakuu. Yule ng'ombe alikuwa wa mama yangu.

Tangu hapo nilimwomba bwana mifugo wa kata yetu tuzunguke zizi kwa zizi, kijiji hadi kijiji, tukiuliza na kuandika. Hatukuwa na mradi wala posho, tulikuwa na pikipiki, daftari na chupa za kuwekea kinyesi. Mwanzoni tuliuliza "ng'ombe wako wanaumwa nini?" na kila mtu akajibu ndigana. Swali hilo halikutupa kitu. Tukabadilisha: mwaka huu amekufa nani, mwezi gani, siku za mwisho alikuwaje? Nani ametupa mimba, ya miezi mingapi? Nani umemuuza kwa haraka kwa sababu alikuwa hapendezi? Hilo la mwisho ndilo lililotufumbua macho. Mfugaji hamhesabu ng'ombe aliyemuuza mnadani akiwa mgonjwa kama hasara ya ugonjwa. Kwake huyo kauzwa tu, basi.

Halafu tunaingia zizini. Unafunua kope ya chini uone kama ni nyekundu au nyeupe. Unapapasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega. Unachungulia ndani ya sikio kutafuta kupe. Unaangalia chini ya taya kama kuna uvimbe laini wenye maji, na magotini kama kuna nundu. Unaangalia kinyesi kama ni kigumu kama cha mbuzi au kinamwagika. Ukizoea, ng'ombe mmoja hakuchukui dakika tano.

Na tulijifunza kuchukua kinyesi na damu hata kwa wale wazima. Ukipima wagonjwa peke yao unajua kinachoua, ila hujui kilichojificha kwenye kundi. Lakini pia usishtuke maabara ikikuambia ng'ombe mzima ana alama za ndigana kwenye damu. Aliyeugua akapona anabaki na kinga, na kipimo cha kinga kinamwonyesha. Anaweza asiwe mgonjwa hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba magonjwa yanafuata ardhi. Kandokando ya maji na kwenye majaruba ya mpunga, mwizi mkubwa ni minyoo ya ini. Wenye chotara mjini na pembezoni, Buhongwa, Usagara, Kisesa, ndigana kali ni adui wa kweli kabisa. Kwenye mbuga za udongo mweusi kuelekea Kwimba nilisikia sana habari za chambavu, ndama mnene anaamka anachechemea na jioni hayupo. Ukielekea Lamadi, kuna mambo ya nyati na wanyama wa hifadhi.

Nianze na minyoo ya ini maana ndiyo iliyonipiga. Yai linatoka na kinyesi. Likiangukia majini linaanguliwa, kidudu kinaingia kwa konokono mdogo wa maji baridi anayekaa kwenye tope na mifereji ya mpunga. Kidudu kinazaana humo, kinatoka, kinajigandisha kwenye jani chini kabisa karibu na maji. Ng'ombe analila. Minyoo wachanga wanatoboa ini kwa wiki nyingi kabla ya kufika kwenye mirija ya nyongo na kuanza kutaga. Muda wote huo ukipima kinyesi huoni yai hata moja, na ng'ombe anaendelea kuliwa.

Sasa fikirieni kiangazi chetu. Kuanzia Juni nyasi za juu zinakauka, kijani kinabaki kandokando ya ziwa, kwenye matete na kwenye mpunga uliovunwa. Makundi yote yanashuka huko. Tunamshukuru Mungu kwa malisho, kumbe ndipo tunapowalisha minyoo. Ikifika Oktoba, Novemba, ng'ombe wamekonda, taya limevimba maji, kope nyeupe. Tunasema ni njaa ya kiangazi. Kweli njaa ipo, ila wenzao waliopewa dawa sahihi wanakula nyasi zilezile na hawafiki hali hiyo.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

#2 Mdau, Sengerema

Mkuu umenigusa, maana mimi nawapa dawa ya minyoo kila miezi mitatu bila kukosa. Nachoma ile sindano ya ngozi na minyoo, inayoua na chawa. Mbona bado taya zinavimba?

#3 Mleta mada

Ndugu yangu, hapo ndipo wengi tunapoteza pesa. Sindano unayoisema nadhani ni ivermektini. Inaua minyoo ya mviringo ya tumbo, inaua chawa na upele, lakini minyoo bapa ya ini haiigusi. Levamisoli nayo vivyo hivyo. Dukani ukisema "nipe dawa ya minyoo" utapewa iliyopo. Sema "nataka ya minyoo ya ini", kisha soma kibandiko mwenyewe.

Albendazoli inaua minyoo ya ini waliokomaa tu, na inataka kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida. Usimpe ng'ombe mwenye mimba changa, inaweza kuharibu mtoto. Nitroksinili na klosanteli zinashika wakubwa na baadhi ya wanaokaribia kukomaa. Triklabendazoli ndiyo inayoua hata wachanga wanaotoboa ini, kwa hiyo ndiyo inayofaa kundi likiwa limekaa majini muda mrefu. Kwa wa maziwa kuwa makini sana: dawa nyingine haziruhusiwi kabisa kwa ng'ombe anayekamuliwa, na nyingine zina siku za kutokunywa maziwa. Mwulize daktari kabla, siyo baada.

Jambo jingine ni uzito. Tunakadiria kwa macho na karibu kila mara tunapunguza. Dume la kilo 300 linapewa dawa ya kilo 200, minyoo wanapungua kidogo, waliobaki wanazaana. Ile tepi ya kupima kifua bei yake ni ndogo, nunueni hata kwa kuchangiana zizi tatu nne.

#4 Mama mfugaji, Buhongwa

Shikamooni wakubwa. Mimi nina chotara wanne tu, ndio wananisomeshea watoto. Mwezi wa nne ndama wangu wa miezi mitano alipata homa kali, tezi chini ya sikio ikavimba kama limau, siku ya sita anahema kwa shida na povu linatoka puani. Akafa. Napulizia dawa ya kupe kila wiki na bomba la mgongoni. Nimekosea wapi?

#5 Mleta mada

Marahaba dada, pole sana. Kwa maelezo yako hiyo ni ndigana kali yenyewe, hapa sitabishana na mtu. Tezi, homa inayopanda hadi nyuzi 41, halafu mapafu yanajaa maji ndiyo maana ya lile povu. Kupe anayeileta ni yule wa kahawia anayependa sikio, na masika ndio msimu wake.

Sikio ndiyo shida ya bomba la mgongoni. Tunalowesha mgongo na mbavu, ng'ombe anang'aa, tunaridhika. Kupe yuko ndani ya sikio hajaguswa. Mshike ndama, paka dawa ndani ya masikio yote mawili kwa kitambaa au brashi, kisha chini ya mkia na kwapani. Na changanya kama kibandiko kinavyosema. Tukipunguza dawa ili idumu, tunawafundisha kupe kuizoea. Kwenye josho ni hivyohivyo, maji yakiongezwa bila dawa kuongezwa ng'ombe wanaoga maji matupu.

Dawa ya buparvakwoni inaokoa kama utachoma mapema, siku ile tezi imevimba na homa imepanda bado anakula. Akishafika kwenye povu, mara nyingi umechelewa. Kwa hiyo kwa mwenye chotara kipimajoto si anasa.

Na kuna chanjo. Inahifadhiwa kwenye mtungi wa nitrojeni ya maji, ndama anachomwa vimelea hai vya ndigana na siku hiyohiyo anachomwa antibayotiki ya oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, ili augue kidogo apate kinga. Mara moja tu, kinga inakaa miaka mingi. Ilifanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, na wafugaji wa Kimasai huku kwetu kaskazini wameitumia sana. Inakuja dozi nyingi kwa pamoja, na ikishayeyushwa hairudishwi, kwa hiyo ungana na wenzako mtaani mumwite mchanjaji siku moja.

Tofautisha na ndigana baridi. Hiyo inapenda wakubwa, tezi hazivimbi, kope zinakuwa nyeupe au njano na kinyesi kinakauka. Dawa yake ni nyingine, oksitetrasaiklini inaisaidia. Ng'ombe akikojoa mkojo mwekundu ni kupe tena, lakini ugonjwa mwingine na dawa nyingine. Majina yanachanganya, na kwa sababu ya neno "ndigana" tunachoma dawa ya moja kwa mgonjwa wa nyingine.

#6 Mdau, Lamadi

Mkuu umetaja nyati ukaacha. Sisi tuko jirani na Serengeti, pale Ndabaka hifadhi inakaribia kabisa ziwa. Nyati wakisogea wazee wanasema "sotoka inarudi". Je, nyati ndio wanaotuletea magonjwa?

#7 Mstaafu wa idara ya mifugo, Ilemela

Mleta mada niruhusu nijibu hili, nimelifanyia kazi ujanani.

Sotoka ya ng'ombe haitarudi kwa nyati. Ugonjwa ule uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ukamaliza ng'ombe na nyati pamoja. Watu walikufa njaa kwa sababu mifugo iliisha. Walter Plowright, daktari wa mifugo Mwingereza, akiwa Muguga alitengeneza chanjo nzuri, ng'ombe wakachanjwa miaka na miaka, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba umetokomezwa. Jambo ninalopenda kuwaambia vijana: ng'ombe wanaoizunguka Serengeti walipochanjwa, ugonjwa uliisha kwa nyumbu na nyati pia. Nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakazidi milioni moja kabla ya 1980. Kumbe sisi ndio tuliokuwa tunawaambukiza wao. Sotoka mnayoisikia sasa ni ya mbuzi na kondoo, kirusi kingine.

Lakini nyati si msafi kabisa. Anabeba kimelea cha ndigana bila kuumwa. Kupe akimnyonya nyati kisha akapanda ng'ombe wako, inakuja ndigana ya nyati, kali na ya haraka. Na ile chanjo iliyotajwa hapo juu haikingi vizuri dhidi ya vimelea vya nyati, kwa hiyo mliopo mpakani msiitegemee peke yake, ogesheni. Nyati pia anaweza kukaa na kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kwa miaka bila dalili. Ila mlipuko ukitokea kijijini, kabla hujamsingizia nyati uliza kwanza nani kanunua ng'ombe mnadani wiki mbili zilizopita. Ng'ombe humwambukiza ng'ombe kwa wepesi sana, na mnadani wanapigana pua kwa pua kutwa nzima. Mgeni akae peke yake wiki tatu nne kabla ya kuingia kundini.

#8 Mleta mada

Asante mzee wangu, shikamoo. Hilo la mgeni kutengwa liko kwenye daftari letu mara nyingi mno, hasa kwa mapele ngozi na homa ya mapafu. Homa ya mapafu ina ubaya wake: aliyepona anaweza kubaki na donda lililofungwa ndani ya pafu, anaonekana mzima, ananunuliwa. Ile kampeni ya kitaifa ya chanjo na hereni za utambuzi iliyozinduliwa mwaka 2025 kule Bariadi, kwa ng'ombe chanjo yenyewe ni hiyo ya homa ya mapafu. Wakifika kwenu msifiche ng'ombe porini. Nimeona watu wakificha kwa hofu ya kuhesabiwa, inaniuma sana.

Nimalizie la kutupa mimba maana ujumbe wa siri umekuwa mwingi. Mimba ikitoka ya miezi mitano na kuendelea, kondo la nyuma likabaki, na kuna ng'ombe mwenye nundu za maji magotini, mfikirie brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaompata hata mtu. Mimba iliyotoka msiishike kwa mikono mitupu wala msiwape mbwa. Fukieni. Na maziwa yachemsheni, hata yale ya kugandisha. Kugandisha peke yake hakuui. Kwenye zizi moja tulimkuta mama mwenye nyumba ana homa za jioni na maumivu ya kiuno miezi kadhaa, ametibiwa malaria na taifodi mara kwa mara. Ndiye anayekamua na ndiye anayesaidia ng'ombe kuzaa. Tulimwambia akawaambie hospitali kwamba anafuga na kwamba mimba zinatoka. Hilo swali hakuwahi kuulizwa. Ndama majike wachanjwe wakiwa na miezi mitatu hadi minane, na weka kumbukumbu ya chanjo kwa sababu baadaye kipimo kinaweza kuichanganya na ugonjwa.

#9 Mdau, Kwimba

Samahani wakuu naingilia. Fahali wa baba mdogo amekutwa amekufa alfajiri hii. Jana jioni alikula vizuri kabisa. Tumbo limejaa, damu nyeusi inatoka puani na nyuma, haigandi. Majirani wanasema chambavu, wamekuja na visu na mabeseni. Tufanyeje?

#10 Mleta mada

MSIPASUE. Mzuie kila mtu sasa hivi. Hiyo damu isiyoganda ni ya kuogopa, inaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla na unaompata hata mtu. Mpigie bwana mifugo wa kata. Funikeni mzoga, mbwa na kunguru wasiufikie, ng'ombe wengine waondoeni hapo. Ukipasuliwa, vimelea vikipata hewa vinajenga mbegu zinazokaa ardhini miaka makumi. Nyama hiyo hailiki, hata ikichemshwa kutwa. Nijibu.

#11 Mdau, Kwimba

Nimechelewa kidogo. Vijana wawili walishaanza kuchuna paja la nyuma. Wengine wote tumewaondoa, wengine wamekasirika. Baba mdogo amekaa chini hasemi kitu. Bwana mifugo yuko njiani.

#12 Mstaafu wa idara ya mifugo, Ilemela

Hao vijana wanawe mikono na maji mengi na sabuni, wavue nguo walizovaa, visu vibaki palepale. Mwambie bwana mifugo achukue damu ya mshipa wa sikio tu kwa ajili ya kioo cha maabara, haina haja ya kupasua zaidi. Shimo lisipungue mita mbili, mbali na kisima na mkondo wa maji, na udongo uliolowa damu uingie humo pamoja na ngozi iliyochunwa. Ng'ombe waliobaki wasiuzwe wala wasihamishwe mpaka mshauriwe kuhusu chanjo. Na msiwachome antibayotiki siku moja na chanjo, chanjo ya kimeta ina vimelea hai, dawa itaiua.

#13 Mdau, Kwimba

Bwana mifugo amefika, amechukua damu ya sikioni, itapelekwa maabara ya veterinari Mwanza. Shimo linachimbwa, hata waliokasirika wameshika jembe. Kijana mmoja ana mkwaruzo kidole cha shahada, wa jana alipokuwa anachonga mpini. Anasema haumi.

#14 Mleta mada

Kidonda cha kimeta hakiumi, ndugu. Kinaanza kama kipele kinachowasha, kinageuka gamba jeusi, na mtu anakaa nacho kwa sababu hakimsumbui. Kinatibika kabisa kikiwahiwa. Wapelekeni wote wawili kituo cha afya leo hii. Na wakifika waseme wazi: tumechuna ng'ombe aliyekufa ghafla, anashukiwa kimeta. Wasiseme tu "nina mkwaruzo".

#15 Mdau, Kwimba

Tuko kwenye pikipiki, nawapeleka mimi mwenyewe. Majibu ya maabara yakitoka nitaandika hapahapa.